Mipira Niliyoisahau Dukani

Mimi ni fundi wa sola mjini Same, na kila mteja namhubiria jambo moja: usibane fremu ya aluminiamu moja kwa moja kwenye chuma. Mvua ikinyesha, metali hizo mbili huanza kulana. Weka mpira katikati.

Wiki iliyopita nilipanda kijijini Ngujini kumfungia sola mama mkwe wangu. Nilipofungua begi nikakuta mipira nimeisahau dukani. Kumwambia mkwe kwamba fundi kasahau vifaa, sikuweza. Kando ya mlango wa jikoni nikaona kandambili zilizolika visigino. Nikajiambia hizi zinasubiri kutupwa tu. Nikapanda nazo juu ya bati, nikazikata vipande, nikafunga paneli kazi safi.

Mama akatoka jikoni, peku. "Mkwe, hujaziona kandambili zangu?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema ukweli. Mimi nikajibu kutoka juu, "Labda mbwa kazibeba, mama."

Mbwa wao, Bosi, alikaripiwa hadi akajificha migombani. Mimi nikaendelea kukaza bolti. Niliposogeza mguu, kipande kilichobaki kikateleza kwenye bati, kikaangukia mbele ya mama. Akakiokota, akakigeuza. Chini yake kulikuwa na herufi ya jina lake aliyoichoma kwa msumari wa moto, kandambili zake zisije zikapotea msibani.

Akainua uso. Wala hakupandisha sauti.

"Ukishuka, mwanangu, anza kwa kumwomba Bosi msamaha."