Gari la umeme kwenye milima ya Ileje: kosa langu ambalo bado sijamwambia shemeji

Wakuu, habari za mchana huu.

Niseme mapema, hapa hakuna chai, ni kweli tupu. Niliyoandika yamenipata mimi, na mengine natamani yangempata mtu mwingine. Wanaotaka picha wanisamehe, mtaelewa mbele kwa nini sina moyo wa kupiga picha hilo gari.

Mimi ni dereva wa abiria, nakaa Vwawa. Zaidi ya miaka kumi nimepiga barabara ya Vwawa na Tunduma kwa Probox. Naijua kila kona, kila tuta.

Kilichonitoa kwenye petroli ni petroli yenyewe. Unaamka alfajiri, unahangaika na abiria mpaka jioni, ukija kutazama unakuta ulikuwa unamfanyia kazi mwenye sheli. Nikachoka. Nikauza Probox, nikaagiza kigari cha umeme, used, kutoka Japani.

Mke wangu aliuliza swali moja tu: kikiharibika, utakipeleka kwa nani? Nikamwona mshamba.

Sasa niwape hali halisi, kwa wale wanaopanga kufuata njia hii.

Huku kwetu sijaona kituo cha kuchajia. Unachomeka ukutani kama pasi. Extension ya kwanza iliyeyuka ikaunguza zulia, nikamwita fundi akanivutia waya mnene kutoka kwenye mita. Kuchaji ni jioni mpaka asubuhi. Umeme ukikatika hapo katikati, kesho yako imeharibika na abiria wako wanapanda kwa mwenzako.

Baridi ya Mbozi nayo isikie tu. Mwezi wa sita na wa saba asilimia zinashuka hata kabla hujafika barabara kuu. Na betri ikiwa used ndio kabisa, ile range, umbali wa chaji moja, waliyoniambia wakati nanunua sijawahi kuiona hata siku moja.

Mafundi? Wanafungua boneti, wanachungulia, wanafunga, halafu wanaomba wapige nalo picha. Manual imeandikwa Kijapani. Kuna mama mmoja wa Mlowo aligoma kupanda siku ya mvua, anasema hawezi kufa kwa shoti akiwa anawahi msibani.

Pamoja na hayo nilikuwa naenda. Nilijiona nimewaacha wenzangu mbali, na mdomo wangu kijiweni ulikuwa mrefu. Hilo nalikiri.

Sasa tuje kwa kaka yangu.

Kaka Asajile ndiye mkubwa wetu. Baba alifariki nikiwa mdogo, yeye ndiye aliyenilea. Ujana wake wote aliendesha lori la mbao, na udereva alinifundisha yeye kwenye milima ya Ileje. Baadaye alirudi kulima, kijiji kimoja juu ya Isongole, yeye na mkewe mama Lusajo.

Alikuwa na ngiri ya miaka mingi. Aliificha. Anaifunga na kitambaa ndani ya suruali, anashika jembe. Wanaume wa kwetu ugonjwa wa huko chini hatuutaji hata kwa daktari, sembuse kwa mdogo wako.

Jumamosi moja nikapanda kwenda kumwonyesha gari. Niliondoka full, nikafika chaji imebaki kidogo sana. Mwenye mashine ya kusaga akaniruhusu nichomeke kwake. Mashine ikiwaka, chaji inakata. Alfajiri umeme ukaondoka kabisa. Nikakuta chaji imevuka nusu kidogo. Nikasema si neno, naondoka Jumatatu.

Jumapili tukiwa ibadani, kaka akatoka nje katikati ya mahubiri. Nilipomfuata nilimkuta ameshika nguzo ya uzio anatapika, jasho linamtoka kama kamwagiwa maji.

Tabibu wa zahanati alimpapasa tumbo mara moja tu. Akanivuta pembeni, akaniambia ngiri imejibana, apelekwe hospitali kubwa akapasuliwe, tena sasa hivi, hapa kila saa ina maana. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshuka na mgonjwa mwingine.

Jirani yetu mmoja alikuwepo pale na Noah yake, ya petroli, tangi limejaa. Akasema mleteni nimpeleke.

Nikakataa.

Nilimwambia asisumbuke, gari ninalo. Wakuu, nisidanganye, kilichoongea pale ni kiburi. Mtu kanilea, kanifundisha kazi, leo nina gari halafu apakiwe kwenye la jirani watu wakiangalia? Nikajipa na hesabu ya kujitetea: chaji hii inanifikisha Mpemba, pale kwenye barabara kuu magari ni mengi, tutabadilisha.

Tukaondoka. Kaka nimemlaza kiti cha mbele, mama Lusajo nyuma kamshika mabega.

Dereva yeyote wa milimani atanielewa hapa. Ukimaliza kupanda, ukafika kileleni, mkono unakwenda wenyewe kwenye gia. Unatia free. Gari linateremka lenyewe, mafuta yanapumzika. Tunajua ni hatari kwa breki na bado tunafanya, tumekua hivyo. Kaka alikuwa na msemo wake, kwamba mlima ulioupanda umeshaulipia, kuteremka usilipe tena.

Basi kila kilele natia free. Napanda, asilimia zinaporomoka. Nateremka free, zinabaki pale pale. Nafurahi kwamba hazishuki, naona natunza.

Kilele kimoja nilichelewa, macho yangu yalikuwa kwake. Akafumbua macho, akatazama gia, akasema taratibu, "Tia free, mdogo wangu. Tutunze."

Nikatia.

Ilipobaki kama kilomita nne au tano kufika Mpemba, kwenye dashibodi ikawaka picha ya kobe. Gari likaanza kujivuta. Katikati ya mlima mmoja, wala si mkubwa, likasimama.

Petroli ikikuishia unasimamisha bodaboda na dumu, dakika ishirini unaondoka. Umeme hauna dumu. Watu walikuja mbio kutoka kwenye nyumba za jirani, watu wema kabisa, wakaniuliza tukuletee lita ngapi? Nikakaa chini pale barabarani.

Jumapili magari ni machache. Mawili yalipita yamejaa hadi mlangoni. Tulikaa karibu masaa mawili ndipo Fuso ya mahindi ikasimama ikatubeba hadi hospitali. Kaka alikuwa ameacha kulalamika, nikadhani maumivu yamepungua. Baadaye daktari alinielewesha kwamba utulivu wa namna ile si nafuu.

Walimpasua siku ile ile. Sehemu kubwa ya utumbo ilikuwa imeshaoza. Daktari hakunilaumu, alisema tu kwamba angependa kumpata mapema zaidi. Siku ya tatu kaka akafariki.

Tulimzika kijijini. Gari lilivutwa mpaka Vwawa. Kila aliyenipa pole nilimwambia betri ilikuwa mbovu, na mwenyewe niliamini hivyo.

Kama mwezi baadaye nilimpakia Tunduma dereva mmoja wa IT, wale wanaoleta magari ya transit mpaka boda kuwakabidhi Wazambia. Huyu kashusha magari ya umeme na hybrid mengi tu. Tulipofika kwenye mteremko, mkono wangu ukafanya kazi yake. Nikatia free.

Jamaa akanishika mkono. "Bro, unafanya nini? Hili mteremkoni ndiko linakojichaji. Liache kwenye D, ukitia free unalinyima."

Nikabisha. Akaniambia rudi juu, teremka tena bila kugusa gia, angalia namba. Nikarudi. Nikateremka na D, namba ikapanda. Kidogo tu, lakini ilipanda, na ule ni mteremko mfupi, mbele ya ile ya Ileje ni kama ngazi ya nyumba.

Nilipaki pembeni nikashindwa kuendesha. Yule jamaa alishuka akatafuta usafiri mwingine, sijui alinifikiriaje.

Wakuu, tulikosa kilomita nne au tano. Miteremko ile yote kutoka Isongole ingetupa hizo na zaidi. Betri haikuwa na kosa siku ile.

Sisemi msinunue magari ya umeme. Nunueni. Ila kabla hujashika usukani mtafute mtu aliyeliendesha, achana na aliyeliuza, akae pembeni yako wiki nzima akuangalie mikono. Tabia za petroli hazitoki kwa kuuza gari. Na siku una mgonjwa, mpakie kwenye gari lolote litakalofika, hata likiwa la adui yako.

Sasa kilichonifanya niandike leo.

Wakati mimi namkatalia jirani Noah yake, mama Lusajo alikuwa amekimbia nyumbani kutafuta kadi ya bima. Hakuiona haraka. Tulimsubiri kama robo saa. Kwenye matanga aliwaambia wanawake wenzake kwamba robo saa ile ndiyo iliyomuua mume wake. Mimi nilikuwa nimekaa pale, nasikia, nikanyamaza. Wakati ule nilikuwa bado sijui habari ya free, lakini ya Noah nilikuwa naijua.

Sasa najua yote mawili, na bado nimenyamaza. Amekonda, hali vizuri, na kila akinipigia simu lazima atarudi kwenye ile kadi.

Wiki iliyopita kapiga tena analia. Akasema, "Shemeji, nisamehe kwa kuwachelewesha."

Nikamwambia nimekusamehe.

Mwenye ushauri atoe, hata wa matusi nitaupokea. Nasoma majibu yote.