Hatua Mia Mbili na Hamsini na Sita

Eufrosina Manabat, ambaye mtaa mzima wa Santa Sabina unamwita Atsi Osing, yaani dada mkubwa, ni mwanamke mwepesi wa kinyaa. Anaweza kumkinai mtu kwa sababu ya kucha zake tu. Alifanya kazi miaka kumi na miwili kiwandani, akichomea saketi, akatoka na kikohozi, jicho kali, na chuki isiyo na dawa kwa watu wanaolipua kazi. Sasa ana miaka arobaini na saba. Mumewe alishamtimua nyumbani zamani, yeye Osing, tena kwa furaha. Kila mwaka, Septemba ikiingia na nyimbo za Krismasi zikianza kupigwa madukani, yeye hujifungia kwenye banda lake la mabati, hapo hapo mkoani Pampanga, kutengeneza fanusi za nyota.

Ufundi alifundishwa na Bapa Burcio, ambaye ni mjomba wa kila mtu pale mtaani. Enzi za mzee huyo fanusi kubwa iliendeshwa na pipa la chuma lililozungushwa kwa mkono. Pini za nywele ziligusa pipa, umeme ukapita, taa zikawaka. Palipobandikwa utepe wa karatasi, zikazima. Pipa lilijua mambo mawili tu, kuwasha na kuzima. Osing akataka la tatu. Alitaka mwanga uje taratibu, mtu asijue umeanza lini.

Basi akahamia kwenye chipu, kile kipande kidogo cha kompyuta. Siri yake ni ulaghai mtupu, na mwenyewe hasemi vingine. Taa haipunguzwi hata kidogo. Programu huiwasha na kuizima mara mia na ishirini kwa sekunde, na jicho la binadamu, kwa uvivu wake, huchanganya giza na mwanga likadhani limeona kitu cha katikati. Kila mpigo, yaani kuwasha na kuzima mara moja, Osing aliukata vipande mia mbili na hamsini na sita. Taa ikiwaka kipande kimoja na kulala vingine vyote, unapata wekundu hafifu ambao unauhisi kabla hujauona. Ndivyo fanusi ya Santa Sabina ilivyokuwa ifunguke kwenye mashindano ya mitaa mwaka huu: sekunde ishirini za kupanda hatua moja moja, kutoka giza hadi nyota nzima. Sekunde hizo zilimla miezi mitatu. Aliziita mapambazuko, na yaliyofuata baada yake, kwa maoni yake, yalikuwa makelele tu.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, mchana, banda likiwa limezibwa kwa magunia ili kupata giza, akaingia Diwani Belarmino. Alikuwa ametoka kula sisig, nyama ya nguruwe ya kukaanga, na mafuta yalimng'aa hadi kwenye vifundo vya vidole. Akairekodi fanusi kwa simu, kisha akamsogezea Osing kioo puani.

"Atsi, hebu tazama."

"Futa mikono kwanza."

"Tazama mistari hii. Inapanda tu, myeusi. Kama nguo ya mfungwa."

"Sasa angalia fanusi yenyewe, kwa macho. Kuna mstari?"

"Kwa macho hakuna."

"Basi wewe mzima. Simu yako ndiyo inaumwa."

"Utani weka pembeni, Atsi. Mwaka huu kamati imesema nusu ya alama zinatoka kwa watu wanaotazama kwenye simu. Tukienda na mistari tumekwisha."

"Mimi siitengenezei simu."

"Haya. Kawaambie wale kina mama waliobandika karatasi mpaka gundi ikawachuna ngozi. Waambie hawashindi kwa sababu Atsi Osing hapendi simu. Nitakusindikiza."

Osing alifyonya, lakini maneno yalikuwa yameingia. Dawa aliijua, nayo ilimchafua roho. Mpigo ungeharakishwa hadi elfu mbili kwa sekunde, kamera isiunase. Ila chipu ilikuwa ndogo na taa za kuhudumia zilipita mia. Ikikimbia hivyo haiwezi kuhesabu vipande vyote, labda kumi na sita tu. Na kipande kimoja cha kumi na sita si mapambazuko. Ni kumulikwa tochi usoni ukiwa usingizini. Chipu kubwa ingeagizwa ingefika Januari, wakati nyota zimeshatundikwa stoo.

Akaandika kumi na sita. Akakaa akiitazama namba hiyo kwa karaha, kama ameombwa kulamba sakafu, kisha akaipakia.

Jioni ya mashindano uwanja ulijaa. Osing alipewa nafasi mbele kabisa, na alipogeuka kutazama umati aliona kinyaa: mikono yote juu, simu zote juu, hata padri. Fanusi ilipowashwa Osing naye akainua simu yake. Alitaka kuhakikisha tu. Akawinda ule mstari mweusi pembe hadi pembe, kwenye nyekundu, kwenye kijani, mpaka taa ya mwisho ilipozima. Hakuupata. Baada ya nusu saa Santa Sabina wakatangazwa washindi, na Belarmino akamkumbatia kwa mikono ile ile ya mafuta.

Alipojinasua akamkuta Bapa Burcio kwenye kiti cha plastiki, amekunja mikono. Mzee ana mtoto wa jicho, siku hizi fanusi kwake ni ukungu wenye rangi.

"Osing, mwanangu, hongera. Hebu niambie, mwanzo ulikujaje? Nimeuliza watu wananiwekea simu usoni."

Osing akafungua mdomo. Alichokumbuka ni kioo cha simu yake, na kidole gumba chake pembeni. Hakujua kama mwanga ulishtua au ulikuja taratibu. Akajichukia, chuki ile ile aliyokuwa akiwagawia wengine.

"Sikuuona, Bapa."

"Si ulikuwa mbele?"

"Nilikuwa mbele."

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Basi nani aliuona?"

Kule jukwaani wanaume walikuwa wameshaanza kukata nyaya za fanusi.

"Hakuna, Bapa," alisema Osing.