Maziwa Yangu na Macho ya Mafundi

Nakumbuka asubuhi ile nilipovuka barabara kwenda kumchungulia Ba Ilunga, mtoto mgongoni, nikijifanya natafuta makaa ya kununua. Mwanangu, mimi nimeumbwa na udadisi. Kitu nisipokielewa, usingizi haunijii. Na kwa kuwa umeniambia unaanza kujifunza kazi ya kuchomelea vyuma, kaa nikueleze kilichonivusha barabara.

Wakati ule tulikuwa tumepanga chumba mtaa wa Makomeno, mimi na mume wangu Kasongo. Alikuwa kijana mwenye mkono mwepesi, akichomelea mageti na madirisha ya vyuma mbele ya nyumba pamoja na wenzake. Mimi nilikuwa nanyonyesha Ngoy, mtoto wetu wa kwanza. Basi jua likishazama, wale mafundi walianza kutokwa machozi. Macho yaliwaka na kuvimba, wakasema ni kama mtu amewamwagia mchanga ndani ya kope. Dawa iliyojulikana mtaani ilikuwa maziwa ya mama anayenyonyesha, matone machache kwenye jicho. Kwa hiyo dawa ilikuwa mimi. Walikuja mlangoni kwa adabu, vichwa chini, nami nikawakamulia kwenye kijiko. Usicheke. Nilijiona mganga mkubwa.

Jambo moja tu lilinisumbua. Ng'ambo ya barabara alikuwako fundi mzee, huyo Ba Ilunga, aliyeanzia kazi yake ujanani kwenye karakana ya reli. Alichomelea kuliko wote, lakini hakuja kwangu hata jioni moja. Kwa nini? Majirani walisema ana dawa aliyoitoa kwao Mitwaba, eti amechanjwa kwenye nyusi. Kila alipopita nilizikagua zile nyusi, na sikuona chale yoyote. Nikashindwa kuvumilia.

Asubuhi ile nilimkuta nyuma ya turubai alilolitundika kuzunguka mahali pake pa kazi. Nikalifunua kidogo. Pamoja na joto lote lile alikuwa amevaa shati zito la mikono mirefu, glavu za ngozi, na usoni kinyago chenye kioo cheusi. Aliniona kabla hajawasha. Akashusha mkono.

"Mama Ngoy, uko unatafuta nini apa? Na mutoto mu mugongo?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nataka kujua kwa nini yeye haji kuomba maziwa. Alinitazama, kisha akacheka mpaka akakohoa. Akamwita mkewe ampeleke Ngoy ndani, akanipa kinyago chake, yeye akavaa kingine cha zamani.

Mwanangu, nilipokivaa sikuona kitu, giza tupu. Kisha akagusisha fimbo ya kuchomelea kwenye chuma, na katikati ya giza lile ikatokea nukta ya kijani, na chini yake chuma kinalegea kama uji. Nilistaajabu. Mwanga ule niliozoea kuuona ukiruka mpaka barabarani, unaomfanya mpita njia akunje uso, kumbe ndani yake mna kazi tulivu kiasi kile. Ningeweza kutazama siku nzima. Nikafikiria kwamba mume wangu, mwenye kazi yake, hajawahi kuiona hivyo, maana yeye alivaa miwani ya jua ya sokoni.

"Ule mwangaza unaunguza macho sawa vile jua inaunguza ngozi," Ba Ilunga akasema. "Ukiwa unatumika kazi, hausikie kitu. Mangaribi njo unasikia."

"Na maziba?"

"Maziba inatulizaka kidogo tu, haiponyeshe. Inaweza hata kuleta buchafu mu jicho." Akavua kinyago, akaniangalia vizuri. "Bwana yako anajua ku nyumba kuko maziba. Njo maana havale masque. Weye njo unamupa nguvu ya kuharibu macho yake."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Mzee gani huyu, nikajisemea, ananitukana kwa wema wangu. Lakini hasira ilipopoa, hofu ikaingia. Nilikumbuka Kasongo anavyopapasa kikombe kilicho mbele yake, anavyosogeza chuma karibu na pua ili aone mstari anaouchomelea. Nilimpenda sana kijana yule, na alikuwa anapofuka mbele yangu.

Jioni akaja, macho mekundu. "Mama Ngoy, leta maziba."

"Maziba iko ya mutoto," nikamjibu.

Alidhani natania. Alipoona sitanii, akaniuliza ni nani amenijaza maneno. Wenzake waliokuwa wakingoja mlangoni walisonya wakaenda zao. Nilimlaza chumbani, nikafunga pazia, nikamwekea kitambaa chenye maji baridi juu ya macho, nikakaa naye. Alikuwa akigumia kwa maumivu. Niliinuka kwenda kuchukua kijiko, nikakaa tena. Nililia pamoja naye.

Kulipokucha nilimpeleka zahanati. Muuguzi alisema yaleyale ya Ba Ilunga, akampa dawa, akamkataza kazi mpaka macho yapone. Uvimbe ulipoisha, Kasongo alivuka barabara mwenyewe. Alirudi na kile kinyago cha zamani kichwani, bado amenuna. Sikujali. Mwenzake mmoja alipata maziwa kwa mama mwingine, akaendelea na miwani ya sokoni. Leo anashikwa mkono kwenda kanisani.

Kwa hiyo sikiliza. Vaa kinyago chenye kioo cha kazi hiyo hasa, hata kama ni kushikiza chuma kwa nukta moja tu. Wenzako watakwambia kugusa mara moja hakudhuru; waache waseme, jicho ni lako. Zungushia turubai mahali pako, na kabla hujawasha waonye waliopo wageuze nyuso, kwa sababu mwanga haumchagui fundi peke yake. Watoto wakae mbali kabisa. Na jicho likiuma, nenda kwa muuguzi, usiende kwa mama mwenye mtoto mchanga. Anayekupenda anaweza kukutuliza kila jioni, na bado ukapofuka mikononi mwake.

Mungu akulindie macho hayo, mwanangu. Akupe kuiona sura ya mkeo ikizeeka, kama Kasongo anavyoiona yangu.