Jina Tulilopewa na Majirani

Mwaka 1966, nikiwa na miaka kumi, baba yangu alifia katika kambi ya mkonge nje kidogo ya Kilosa, na hapo ndipo shida yangu ilipoanza. Hakuugua sana. Alirudi kutoka shambani akitetemeka, akajilaza, asubuhi hakuamka. Wenzake wa kambini walimzika kimya kama watu wanaofukia mbegu, wakarudi kazini. Kimya kile ndicho kilichoniuma, na nitaeleza kwa nini.

Huku kwetu mtu hazikwi kimya. Mtu ana watani. Watani ni watu wa kabila jingine ambao babu zao na babu zenu walipigana zamani, au walisafiri pamoja, wakaishia kutaniana. Mtani akisikia msiba wako anakuja anacheka. Anaingia kaburini analala humo, anasema hatoki mpaka apewe kuku. Anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea. Anawaambia wafiwa, "Afadhali kafa, alikuwa anatumalizia ugali." Mfiwa anacheka huku machozi yanamtoka, na hapo anajua kwamba yeye ataendelea kuishi. Sisi kambini hatukuwa na mtani hata mmoja. Watani wetu walibaki kusini.

Baba alizaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma, upande ambao leo ni Msumbiji. Yeye hakusema Msumbiji, alisema "nyumbani". Mto ule alikuwa akiuvuka kuja kuvua. Shangazi yake aliolewa upande huu. Hakuna siku aliyoambiwa kwamba amevuka nchi. Wazungu walipotaka mpaka walikuta mto, wakaona unafaa, basi. Alipokuja kukata mkonge akaambiwa yeye ni mgeni, akashangaa, lakini alikuwa na njaa, na mwenye njaa habishani.

Sisi ni Wamakonde. Ndivyo tunavyojiita. Lakini Kilosa hii walituita Wamawia. Mama yangu alikuwa na chale usoni na tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha pambo, kwenye mdomo wa juu, uzuri wa kwao. Akienda sokoni watoto wanamfuata wanaimba, "Mawia! Mawia!" Anageuka, anawaambia, "Njooni niwachanje na nyinyi, angalau mpendeze." Wanatimua mbio. Mama hakuwahi kulia mbele yangu kwa jina lile. Mimi nililia, mara nyingi.

Shule niliishia darasa la tatu. Niliuza mahindi ya kuchoma kwenye madirisha ya treni pale stesheni. Nikabeba magunia ya mpunga ya watu. Nikanunua baiskeli kuukuu, nikaanza kununua mpunga wangu mwenyewe huko vijijini, Ulaya, Munisagara, kote, na hiyo Ulaya ni kata yetu huku, msije mkadhani nilipanda ndege. Baadaye nikanunua mashine ya kukoboa. Sikusaidiwa na mtu. Sijisifu. Nasema ilivyokuwa.

Munisagara ndiko nilikompata mke wangu, Msagara. Mjomba wake ndiye aliyesimama na posa. Alinitazama kuanzia miguuni, akasema, "Huyu Mawia hatumpi binti. Akifa nani atamcheka?" Nikaondoka. Nikarudi. Akasema vilevile. Nikarudi tena, mpaka nadhani alichoka kuniona. Akasema, "Haya mchukue. Lakini utani wenu mtautafuta wenyewe, sisi wetu hatuazimi." Nilimpa shukrani zake nikachukua mke. Maneno yake sikuyasahau.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwaka jana binti yangu wa mwisho, mwalimu wa shule ya msingi kule Mikumi, alinipigia simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sema, sauti yako ina jambo."

"Kuna watu wanataka kuja nyumbani. Kuleta posa."

"Watu gani?"

"Wafugaji, baba. Kijana ana duka la dawa za mifugo hapa Mikumi. Amebatizwa kama sisi."

"Wamasai?"

Akanyamaza. Nikajua.

"Mang'ati?"

"Baba, wao hawajiiti hivyo. Wanajiita Wadatoga."

"Wanaitwa wanavyoitwa," nikamwambia. "Na Mang'ati haniolei mtoto."

Nilikuwa na sababu. Msimu uliotangulia ng'ombe waliingia kwenye mpunga wangu ukiwa umeshachanua, wakalaza robo ya shamba. Ng'ombe wa nani, sikujua. Watu walisema wa Mang'ati, nami nikaona inatosha. Nilipoweka simu chini, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi.

"Kumbe mjomba wangu amefufuka," akasema. "Sauti ile naijua."

Nilitoka nje kuangalia mashine, ingawa haikuwa na tatizo.

Jumamosi binti akaja mwenyewe. Ana ulimi huyo, kaurithi kwa bibi yake mwenye chale. Akakaa mbele yangu, akasema, "Baba, mimi nafundisha ramani. Unajua hata hili bara hatukulipa jina sisi? Watu wa ng'ambo ya bahari walijua kipande kidogo tu cha kaskazini, wakakiita Afrika, jina likashuka taratibu mpaka likatufikia huku Kilosa. Hakuna babu yako aliyeulizwa. Jina linatoka kwa anayekutazama kwa mbali."

"Sasa unanifundisha mimi?"

"Nafundisha darasa la tano, baba. Wewe uliishia la tatu, nakurusha madarasa."

Nilicheka, na sikutaka kucheka. Kisha akasema jambo ambalo halikuwa mzaha. "Ukikataa sitaolewa naye. Sitatoroka, sitakuaibisha. Lakini nitajua kwamba ulimkataa kwa jina."

Nikamwambia waje. Moyoni nilipanga kuwakataa nikiwatazama usoni, kiume.

Walikuja wakati wa chai, hapa kwangu Magomeni, Magomeni ya Kilosa. Mshenga wao alikuwa muuza nyama wa Mikumi, mtu mnene mwenye maneno mengi. Nyuma yake kijana, shati limepigwa pasi. Nyuma ya kijana baba yake, mzee mrefu, shuka begani, fimbo mkononi, makubazi ya tairi. Tukasimama mlangoni tukitazamana. Mdogo ndiye hutoa shikamoo, hilo kila mtu analijua. Mimi nikanyamaza. Yeye akanyamaza.

Mshenga akakohoa. "Wazee, salamu basi."

"Nasubiri," akasema yule mzee.

"Unasubiri nini?" nikauliza.

"Shikamoo yangu."

"Yako? Ulizaliwa lini wewe?"

"Mwaka wa njaa."

"Njaa ipi? Njaa zilikuwa nyingi."

"Ile kubwa."

"Kila mtu ya kwake ndiyo kubwa!"

Mke wangu akapaza sauti kutoka jikoni, "Shikamooni wote wawili, ingieni, chai inapoa!" Tukaingia bila mmoja wetu kushindwa.

Mshenga akaanza hotuba yake, habari za ua na jogoo na mengine ya namna hiyo. Mzee akamnyamazisha kwa kuinua fimbo kidogo. Akanigeukia.

"Nasikia Mang'ati humtaki."

"Nani kakuambia?"

"Uso wako."

Nikasema ndiyo, simtaki. Sikuona sababu ya kuzunguka. Binti alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni ya mama yake, akainamisha kichwa.

"Unajua maana ya hilo jina?" mzee akauliza.

"Sijui."

"Ni la Wamasai. Kwao ni adui. Tulipigana nao zamani. Wazungu waliokuja nyuma wakawauliza, wale kule ni nani? Wakajibu, adui. Wale wakaandika."

"Na nyinyi mkakubali?"

"Nani alituuliza?" Akanywa chai yake, akaweka kikombe. "Na wewe je? Nimeulizia Mikumi kabla ya kuja, siozeshi kwa watu nisiowajua. Wanasema wewe ni Mawia."

Jina lile lilikuwa halijatajwa ndani ya nyumba yangu tangu nilipoijenga. Mshenga alipaliwa na chai. Mke wangu akaacha kumenya viazi. Nilihisi masikio yanapata moto kama nilivyokuwa sokoni nyuma ya mama.

"Mimi ni Mmakonde," nikasema.

"Sawa. Na Mawia maana yake nini?"

"Wanasema ni wakali. Watu wa hasira za karibu."

"Nani aliwaita?"

"Majirani."

Akanitazama, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti kwanza, halafu kwa sauti. "Sasa wewe mshenga," akasema, "umemleta adui kuoa kwa wenye hasira. Ulitaka tuuane ule pilau ya msiba?"

Hakuna aliyethubutu kucheka naye. Mimi nilikuwa bado na mpunga wangu kooni, nikauliza, "Ng'ombe wako ndio waliokula shamba langu?"

"Wa rangi gani?"

"Wekundu. Mmoja pembe imevunjika."

"Hao si wangu. Wangu wakiingia kwako hawabakizi hata bua la ushahidi."

"Na wako akiingia," nikasema, "utaambiwa na harufu ya mchuzi."

Kijana alishika magoti yake kwa mikono miwili. Mshenga alikuwa anatafuta kofia yake, naapa. Kisha nikamsikia mke wangu anacheka, kicheko kile chake cha Munisagara kinachoanzia tumboni.

"Waacheni," akasema akijifuta macho kwa kanga. "Hamuoni? Hawa wanataniana."

Nikamtazama mzee, naye akanitazama. Hakuna kitabu kinachosema Mmakonde na Mdatoga ni watani. Babu zetu hawakupigana, hawakusafiri pamoja, hata kusikiana hawakusikiana. Yeye katoka kaskazini akifuata nyasi, mimi baba yangu katoka kusini akifuata ujira, tumekutana Kilosa wote tumeshapewa majina. Nikamkumbuka mjomba, utani mtautafuta wenyewe. Nikakumbuka koleo za kambini zikifukia udongo bila mtu kucheka.

"Nikuulize," nikasema. "Nikifa, utakuja kunicheka?"

Hakufikiri hata kidogo. "Nitakuja na kundi zima la ng'ombe, lipate kula nyasi za kaburini kwako. Na sitoki mpaka mwanao anipe lile redio naliona pale."

"Redio bovu."

"Ndiyo maana nitalichukua. La zima ningekuibia leo."

Hapo na mimi nikacheka. Nikauliza jambo moja tu lililobaki, kwa sababu lilikuwa linanisumbua kweli. "Watoto wao wataitwa nani? Mawia au Mang'ati?"

"Hilo si letu," mzee akasema. "Majirani ndio wanaoita. Kazi ya mtoto ni kuitika au kukataa."

Nikamgeukia binti yangu. Nilikuwa na hotuba, ikapotea. Nikamwambia, "Mwalimu, umesikia? Haya, nenda kamletee mkweo chai nyingine, na usimtilie sukari nyingi, anaiba." Alipita karibu yangu akaniwekea mkono begani, kidogo tu, akaenda.

Siku ya harusi Mikumi yule mzee alijilaza kizingitini pa ukumbi na fimbo yake, akasema bibi harusi hapiti mpaka mimi nimpe shikamoo mbele ya watu wote. Nilimruka. Nilimruka kweli, na umri huu, suti mwilini, watu wakapiga vigelegele. Mzee mmoja wa hapo Mikumi alinivuta pembeni akaniambia utani hauanzishwi hivihivi, utani ni wa kurithi. Nikamjibu kwamba na huo wake ulianza siku moja, na aliyeuanzisha pengine alikuwa mtu kama mimi. Akaguna akaenda kula.

Mjukuu amezaliwa, wa kiume, mrefu wa miguu. Baba yake anasema miguu ni ya Kidatoga, mimi nasema kelele ni za Kimakonde. Nilipokwenda kumwona nilisikiliza majirani wanamwitaje, maana hilo nililikalia macho tangu siku ya posa. Wanamwita mtoto wa mwalimu. Basi. Kuhangaika kwetu kote kule, bure.

Nilivyonavyo leo ni hivi. Nyumba ya tofali za kuchoma Magomeni, vyumba vitano, bati jipya upande mmoja. Mashine moja ya kukoboa mpunga, inafanya kazi. Shamba la mpunga, na ua wa miiba upande wanakopita ng'ombe. Baiskeli ile ile. Ng'ombe majike wanne wa mahari, wa kwanza maishani mwangu, wamenifundisha jinsi ilivyo rahisi ng'ombe kuingia shamba la mtu. Mke mmoja. Watoto sita na wajukuu. Redio bovu, nimemwekea mwenyewe. Mtani mmoja, ambaye hajanipa shikamoo yangu mpaka leo.