Lori Langu Mikononi mwa Mwadime

Harufu ya lapa linaloungua hunirudisha Sagalla haraka kuliko kitu kingine chochote. Si harufu nzuri, nakubali. Inakwangua koo, inashika kwenye nguo, na mama alikuwa akiniambia kwamba nanuka kama gereji. Lakini mimi niliivuta kwa raha zangu zote, maana nikiisikia nilijua nimepata malapa makuukuu, msumari umeshapata moto jikoni, na sasa natoboa magurudumu. Nilikuwa na karibu miaka saba. Kule mlimani maji yalikuwa shida, na kukaa foleni kwenye mfereji ilikuwa kazi ya wasichana; Jumamosi asubuhi tulipanga mitungi yetu, tukakaa hapo mpaka jua la utosi. Wenzangu walisukana nywele. Mimi nilikunja waya. Kwa Jumamosi nne za foleni nilitengeneza lori zima: bodi la waya wa ua mkongwe wa kanisa, tangi la kopo la mafuta ya kupikia, magurudumu sita ya malapa, na usukani mrefu ulionifika kifuani ili niliendeshe nikiwa nimesimama. Usukani ukipinda kulia, magurudumu ya mbele nayo yanapinda kulia. Hapo ndipo nilipojiona fundi, kwa sababu malori ya wavulana wa kwetu yalijua kwenda mbele tu.

Mdogo wangu Mwadime nilimpita kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, na tulikuwa pamoja katika nasari ya kanisani. Siku hizo hakuna aliyekuuliza cheti cha kuzaliwa. Ulihesabiwa umefika umri wa darasa la kwanza siku ile ulipopitisha mkono juu ya kichwa na kulishika sikio la upande wa pili. Mkono wangu ulikuwa mfupi. Mwadime, mtoto niliyembeba mgongoni, alilishika sikio lake mara ya kwanza alipojaribu, na baba akamgeukia mama akicheka: "Mama Wakesho, huyu mwanaume atamtangulia dada yake shule." Roho iliniuma hadi nikashindwa kula. Nilimwonea wivu kwa mkono wake, nikamwonea wivu kwa Jumamosi zake alizozurura huku mimi nalinda mitungi, na hata kwa jinsi baba alivyolitamka jina lake. Sina haya kulisema hilo sasa. Kitu kimoja tu kilinituliza: mimi nilikuwa na lori, yeye hakuwa nalo. Alinifuata nyuma akinibembeleza, "Wakesho, nipe nisukume kidogo tu," nami nilimpa mpaka kwenye shamba la muhogo na kurudi, tena nikimsimamia kama askari.

Basi muhula ule Mwalimu Mkamburi akatutangazia kwamba kuna mgeni atakuja kutoka chuo kikuu, anafanya utafiti wa jinsi watoto wadogo wanavyocheza. Ataleta vitu vya kuchezea, atavitandaza, kisha atatutazama. Mwalimu Mkamburi alikuwa mama mwema na sitaki kumsema vibaya. Ila kwetu mgeni mwenye daftari alikuwa mkaguzi, na mkaguzi hupokewa na watoto waliofanya mazoezi. Isitoshe, muhula huo huo alikuwa anatufundisha vitu vinavyokwenda pamoja: kikombe na sahani, kufuli na ufunguo, jembe na mpini. Akaamini kabisa kwamba mgeni anakuja kupima kama tunajua kitu gani kinakwenda na nani. Tukakaririshwa wiki nzima. "Mwanasesere ni wa nani?" Wa msichana. "Gari ni la nani?" La mvulana. Aliyekosea alisimamishwa mbele arudie peke yake. Mwadime alirudia mara tatu, kwa sababu yeye alipenda sana kalongo, ule mchezo wetu wa baba na mama, na katika kalongo hakutaka kuwa baba. Alitaka kupika. Ugali wake wa udongo ulikuwa laini kuliko wetu sote. Aliposimama pale mbele, nilimcheka, na nilicheka kwa sauti ili asikie.

Siku moja kabla ya mgeni kufika, Mwalimu alituambia wavulana wabebe magari yao kutoka nyumbani. Akaongeza, "Kwenu kuna lori zuri sana nimeliona. Mwadime, kesho ulilete." Nilinyoosha mkono nikasema lori ni langu. Mwalimu alinijia, akaninong'oneza ili wengine wasisikie, "Najua ni lako, mama. Lakini mgeni akikuona nalo atasema sikuwafundisha." Nikaushusha mkono. Usiku huo sikumsemesha ndugu yangu, na asubuhi alilisukuma lori njia nzima mpaka kanisani, akipinda kila kona polepole ili watu waone.

Mgeni alikuwa dada mwenye nywele fupi na suruali, na kitu cha kwanza alichofanya ni kupiga magoti sakafuni awe kimo chetu. Alitandaza mikeka miwili ya vitu, akatuambia kwa upole, "Kila mtu achague anachopenda." Tulisimama kidogo tukimtazama Mwalimu, kisha tukaenda, wasichana kushoto kwenye wanasesere na wavulana kulia kwenye magari, kama watu waliopangiwa viti. Niliokota mwanasesere wa plastiki ambaye jicho lake moja lilikataa kufunga. Mgeni akaandika. Ndipo akaliona lori. Aliushika usukani, akapinda, magurudumu yakapinda, akapinda tena upande wa pili, akasahau daftari lake kabisa. "Jamani, nani ametengeneza hili?" akauliza. Nilimtazama Mwalimu, naye akatazama mabati ya paa. Nilikuwa nalo jibu mdomoni. Mtu ametoka huko kote alikotoka kuja kuuliza swali hilo moja, na mwenye jibu nilikuwa mimi, nimekaa hatua tatu kutoka kwake na mwanasesere mapajani. "Ni mimi," akasema Mwadime. Mgeni alimpa mkono kama anavyopewa mtu mzima. Akatupiga picha, Mwadime katikati na lori, mimi pembeni. Halafu kwa kutaka tu kunichangamsha aliniuliza, "Na wewe, mtoto wako anaitwa nani?" Nikamwambia hana jina.

Jioni ile nililikanyaga lori mpaka likawa bapa. Mwadime alilia sana, na baba akamkemea anyamaze, mwanaume halilii nyaya, atengeneze jingine. Yule mtoto hakujua hata pa kuanzia. Kila alipoulizwa lori jipya liko wapi alijibu waya umekwisha, na mimi nilikuwa namtazama tu, nikifurahia anavyohangaika. Sikutengeneza jingine. Nilijiambia kwamba nikilitengeneza watasema ni lake, kwa hiyo heri wakose wote.

Leo mimi ni mwalimu wa watoto wadogo hapa mjini Voi. Katika semina tunaambiwa tumwache mtoto achague mwenyewe, tunaambiwa pia watafiti waliona nini, wasichana wanaelekea wapi na wavulana wapi, na mimi hukaa nyuma nikijiuliza daftari la yule dada liliishia wapi. Huenda aligundua kwamba tulikaririshwa. Huenda kuna karatasi mahali inayosema kwamba mtoto wa kike wa Sagalla, umri karibu miaka saba, alichagua mwanasesere bila kusitasita. Darasani kwangu nina mtoto wa Mwadime, Mghoi, ana miaka sita. Siku hizi hakuna anayeshikishwa sikio. Mghoi ana koleo lake mwenyewe la kukunjia waya, dogo, la mpini mwekundu. Baba yake ndiye aliyemnunulia, na siku Mghoi aliponionyesha niliitikia "vizuri sana" kwa sauti ya mwalimu, nikachelewa kumrudishia.

Mwezi uliopita tulikutana wote kwa mama, Sagalla. Ile picha ya mgeni iko ukutani hadi leo. Alitutumia kupitia kanisa. Mwadime alimnyanyua binti yake aione. "Unaona lori hilo? Nililitengeneza mimi, nikiwa mdogo kuliko wewe." Nilimtazama machoni kutafuta uongo, sikuupata. Anaamini. Nikasema, "Mwadime, lile lori nililitengeneza mimi." Alicheka bila ubaya wowote. "Dada, wewe si huyu hapa na mwanasesere?" Mama naye akasema tuache kubishana, picha ndiyo hiyo inaonyesha lori ni la nani. Ni Mghoi tu ambaye hakuitazama picha. Alinitazama mimi, akasema, "Basi shangazi, tengeneza jingine."

Akaniletea waya na koleo lake. Tulikaa kwenye ngazi ya mlango. Bodi lilikuja bila taabu, nikaanza hata kuringa. Nilipofika mbele, pale usukani unapokutana na magurudumu, vidole vilisimama. Nilikunja, nikakunjua, nikakunja tena. Miaka thelathini nimelitengeneza lori hilo kichwani, kila kona yake, na mikono yangu ilikuwa imekwishalisahau. Nilipolikanyaga nilidhani namkomesha Mwadime. Mghoi alinivumilia mpaka akachoka. "Lete, shangazi." Akapinda waya kuwa pete, akapitisha ekseli, akakaza, akajaribu kulia, akajaribu kushoto. Wala hakuinua uso kuona kama kuna mtu anamtazama.

Najua mwalimu anatakiwa aseme nini hapa. Fahari ilikuja, lakini ilikuja baadaye. Mghoi alilisukuma mpaka langoni akarudi, kisha akanipa usukani kabla sijaomba. Nikalisukuma lori la mtoto wa ndugu yangu uani kwa mama, mtu mzima wa miaka thelathini na saba, na nilimwonea wivu yule mtoto hadi machozi yakanitoka.