Mate Niliyomtemea Afisa

Mate yangu siyatoi ovyo. Kwetu Ukambani, mtu anayekwenda kwa jambo la maana huja kwa nyanya yake, anafungua viganja, na nyanya anatema mate kidogo humo, kama umande tu. Anajipaka kifuani, anaenda na baraka. Mchungaji wetu hapendi.

"Mama, siku hizi tunaomba tu," aliniambia.

"Wewe omba, mimi niteme, tuone nani atasikizwa kwanza."

Alicheka. Lakini mtoto wake alipoenda kutafuta kazi ya polisi, mama yake alimleta kwangu akipitia kwa shamba, kanisa lisione.

Mjukuu wangu nimemlea mimi. Mguu wake mmoja ulikataa kukua na mwenzake, kwa hivyo anatembea kwa magongo. Alipokuwa mdogo nilimbeba mgongoni mpaka shuleni. Wanawake walikuwa wakiniuliza kama nitambeba hivyo hadi kwa mume. Nikawaambia, akitaka, hata huyo mume nitambeba. Alisoma, akajifunza komputa na kazi za ofisi. Halafu akakaa nyumbani, kwa sababu kila tajiri aliyemwendea kuomba kazi aliangalia magongo, asimwangalie yeye.

Ndipo tukasikia serikali iko na ofisi ya kusaidia watu wenye ulemavu kupata kazi. Afisa wake alikuja sokoni hapa Kasikeu na kipaza sauti, na nikamjua: ni kijana wa ng'ambo ya mto, mtu wa ukoo wetu. Nikamwita nyumbani. Nikapika muthokoi, mahindi yaliyotwangwa ganda likatoka, pamoja na maharagwe, na jogoo juu yake. Alikula akafungua mshipi.

"Mwaitu," akaniambia, ndivyo tunavyomwita mama, "huyu ni dada yangu. Nafasi iko, ya kupokea wageni na kuandika kwa komputa. Imewekewa mtu mwenye ulemavu. Hakuna mwingine anaweza kuikalia."

"Unaapa?"

"Kwani mimi ni mgeni wa kuapishwa? Mimi ni wa nyumba hii."

Akafungua viganja mwenyewe, bila kuambiwa. Nami nikatema. Nilitema vizuri, kwa moyo wote, nikamwambia aende atupiganie.

Hapo ndipo nilipojifunga. Mtu wa ukoo ukishamtemea mate, humuulizi tena. Kumuuliza ni kusema mate yako ni maji. Kwa hivyo nilikaa kimya, na mjukuu wangu nikamkataza kumpigia simu.

Siku ikafika, akaitwa. Alivaa sketi ya bluu na viatu nilivyopaka rangi mimi mwenyewe, hata kile kilichoinuliwa soli. Huko ofisini akakuta wageni wakubwa wamekuja kuona kazi nzuri ya serikali, na kiti cha magurudumu kinamngoja.

"Lakini mimi ninatembea," akasema.

"Ni ya picha tu, dada," afisa akamwambia. "Magongo hayaonekani vizuri kwa picha."

Akakaa. Wakamsukuma mpaka mbele ya komputa, wageni wakapiga makofi, wengine wakamshika kichwa kama mbuzi wa mnada. Wageni walipoondoka, kiti kikapandishwa kwa gari. Naye akaambiwa aende nyumbani, atapigiwa.

Picha ilifika Kasikeu kabla yake. Ilizunguka simu zote za kanisa.

"Nyanya wa ofisi! Chai iko wapi?" majirani wakaniambia mlangoni.

Nikapika chai. Nikawamiminia wote.

Tukangoja. Kila akisema, "Susu," ndivyo anavyoniita mimi nyanya yake, "wacha niende niulize," nilimjibu kwamba nyanya yake hatemi maji. Mwisho alienda bila kuniambia. Kwa ile meza alikuta shemeji ya afisa, mdogo wa mke wake, mzima kama punda, anapaka kucha rangi. Akaenda dirisha lingine, akaomba atafutiwe mahali pengine popote. Wakamwambia, "Lakini wewe tulishakusaidia. Si tuliona picha?"

Aliporudi hakulia. Alivua vile viatu, akaviweka kitandani kwangu, akatoka nje.

Kesho yake tulienda pamoja. Afisa alisimama, meno yote nje.

"Mwaitu, karibu! Chai?"

"Sikujia chai. Nataka mate yangu."

Akacheka, akaangalia shemeji yake ili naye acheke. "Sasa mate nitarudisha aje?"

Nikafungua viganja vyangu mbele ya uso wake. "Tema. Yale yale."

Hapo kicheko kilikufa. Suti ni suti, lakini chini yake ni Mkamba. Alirudisha mikono nyuma yake, akasema kwa sauti ya chini, "Usinilaani, mwaitu. Mambo yalitoka juu."

"Sijakulaani. Nimekuomba changu."

Hakutema, na hakuondoa mtu kwa kile kiti. Akaangalia magongo ya mjukuu wangu, halafu akaangalia dirisha. Shemeji yake akafunika chupa yake ya rangi polepole.

Nje, kwa ngazi, mjukuu wangu akaniambia hatarudi nyumbani na mimi. Anashukia Kambu, kule barabara kuu, aulize duka kwa duka kama kuna anayetaka mtu wa komputa. Peke yake, bila ofisi ya mtu. Akaegemeza magongo ukutani, akafungua viganja.

"Nipe, Susu."

Nikainama. Nikakusanya mdomo, nikatafuta chini ya ulimi, nikatafuta mashavuni. Mdomo ulikuwa mkavu kama mto wetu wakati wa kiangazi. Yule kijana wa ofisi alikuwa ameyamaliza mate yangu yote.

Viganja vya mjukuu wangu vilikuwa bado wazi.