Bahasha ya Chumba Namba Tisa

Verediana Kalinga alisafisha vyumba katika hoteli moja ya mjini Iringa kwa miaka kumi na saba. Alitoka kwake Kalenga alfajiri, na ikifika saa moja alikuwa ameshavaa aproni yake ya kijani, anatandua mashuka. Wageni wengi hawakulijua jina lake. Baadhi walimwachia bakshishi, wengi hawakumwachia, naye hakuwa mtu wa kununa.

Mzee Selemani alikuwa tofauti. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Mbeya, akija Iringa kila mwezi kusambaza mzigo madukani, na chumba chake kilikuwa namba tisa. Siku ya kuondoka hakutupa noti mezani na kwenda zake. Alimsubiri Verediana amalize chumba cha jirani, akampa mkononi.

"Mama Severina, ya sabuni hii."

"Asante mzee wangu. Usalimie nyumbani."

"Severina anaendeleaje na shule?"

Mpaka ajibiwe ndipo alishuka ngazi.

Mwaka mmoja homa kali ilimshika akiwa hapo hotelini. Verediana alifuta matapishi, akaita bajaji, akakaa naye hospitali mpaka jioni bila kuagizwa na mtu. Tangu siku hiyo mzee alimwita mwanangu.

Juni iliyopita, baridi imekaza, mzee alifika amekonda, koti linamning'inia mabegani.

"Unaumwa, mzee?"

"Uzee tu, mwanangu."

Asubuhi ya kuondoka Verediana alikuwa uani anaanika mashuka. Mzee alikabidhi ufunguo mapokezi akaondoka bila kumwita. Verediana alipopanda kusafisha, akakuta bahasha juu ya mto. Haikuandikwa kitu. Ndani mlikuwa na shilingi laki mbili.

Utaratibu wa hoteli haukuwa siri. Bakshishi ni ile mgeni aliyokupa mkononi, au aliyoitaja mapokezi. Kilichobaki chumbani bila neno ni mali ya mgeni, kishushwe mapokezi mara moja. Verediana mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wahudumu wapya. Lakini mzee alimjua. Akaitia bahasha kwenye mfuko wa aproni, akipanga kumpigia jioni amshukuru.

Mchana, wakati wa kukaguliwa kabla ya kutoka zamu, meneja wao, Madam Bertha, akaiona.

"Hii nini?"

"Ya Mzee Selemani, namba tisa. Ameniachia."

"Amekwambia?"

"Hajaniambia, Madam. Lakini najua ni yangu."

"Hela yote hii? Na mbona hukuileta mapokezi?"

Madam Bertha akaichukua bahasha, akaifungia ofisini. Wakampigia mzee, simu haikupatikana. Kesho yake vilevile. Wiki ilipokwisha, Madam Bertha akamwita ofisini.

"Mama, sisemi umeiba. Ila siwezi kukuacha vyumbani. Kapumzike nyumbani. Mzee akipatikana akasema ni yako, utarudi."

Habari zilimtangulia Kalenga. Kwenye sala za jumuiya ya kanisa, wanawake walinyamaza alipoingia, kisha wakaanza kuzungumzia mahindi. Verediana alipiga namba ile kila siku, na kila ilipogoma, hasira yake ilimgeukia mzee.

"Kaniponza yule," alimwambia Severina. "Neno moja tu lilimshinda. Mungu amlipe."

Wiki ya tano akapanda basi la Mbeya. Duka la mzee, kule Mwanjelwa, lilikuwa limefungwa. Fundi cherehani wa jirani akamwonyesha njia ya nyumbani kwake. Alipofika akaona mikeka imetandikwa, wanawake wamejitanda khanga, wanaongea kwa sauti ya chini. Akajua kabla ya kuambiwa.

Binti wa marehemu, Amna, akaja kumpokea.

"Karibu, mama. Umetokea wapi?"

"Iringa. Nilikuwa nasafisha hoteli aliyokuwa analala baba."

Amna akamshika mikono yote miwili. "Wewe ndiye Mama Severina?"

Akamketisha. Akamweleza kwamba baba yake alikuwa na saratani ya ini, na kwamba alipotoka Iringa safari ile walimpeleka Dar es Salaam, wakazima simu yake ili apumzike. Alikuwa amezikwa siku nane zilizopita.

"Tulimuuliza kama amewaaga watu wake. Akasema wote, isipokuwa yule mama wa Iringa. Nimemwachia bahasha, akasema. Ningemuaga ningelia mbele yake, naye angelia, na bado ana vyumba vya kusafisha."

Verediana hakutoa chozi. Alitazama mkeka.

"Nilimlaani," akasema.

Amna hakumwelewa, ikabidi aelezwe yote: bahasha, ofisi, simu isiyopatikana. Na siku ile Verediana aliposema Mungu amlipe, mzee alikuwa bado hai, amelala hospitali.

Amna akampigia Madam Bertha hapohapo, wote wakisikia. Sauti ya meneja ikatoka kwenye simu.

"Poleni sana. Mwambie mama aje achukue bahasha yake. Mimi nimemkosea. Lakini nafasi... nimeshaajiri mtu wiki iliyopita."

Verediana alilala Mbeya siku mbili, akiosha vyombo pamoja na wanawake wa msiba. Aliporudi Iringa akachukua bahasha. Madam Bertha alitaka kusema kitu, Verediana akamwahi: "Yameisha, Madam." Kazi aliipata miezi mitatu baadaye, kwenye nyumba ndogo ya wageni Ipogolo, kwa mshahara usiofika nusu ya ule wa zamani.

Kabla ya hapo, alimpigia Amna.

"Mwanangu, nataka kumwombea baba kanisani kwetu. Mtachukia?"

"Mwombee, mama. Dua haikataliwi."

Padri wa Kalenga alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika jina kwenye daftari la nia za misa. Jumapili ilipofika akayasoma majina ya marehemu: Bartholomeo, Anord, Selemani. Watu wawili watatu wakageuka kutazama nyuma. Verediana alikuwa amepiga magoti kwenye benchi la mwisho, uso ameufunika kwa khanga, mabega yanatikisika, na Severina amemshika mgongo.